Naomba ushauri: vitendo vya ikolojia kwa mkataba wa muhula mmoja

Wakuu, nimepewa mkataba wa muda wa kufundisha ikolojia chuoni, wanafunzi 40, saa 3 za vitendo kwa wiki. Kwa mimea nitatumia fremu za mraba wa mita 1, zipangwe kwa namba za nasibu; wanafunzi wakijichagulia, huziweka palipostawi. Kukadiria idadi ya panzi wote eneoni: kamata, tia alama, achia, kamata tena. Idadi ya waliotiwa alama zidisha kwa waliokamatwa mara ya pili, gawanya kwa wenye alama kati yao. Alama zikifutika, makadirio hupanda kuliko uhalisia, na hapo ndipo nasita. Rangi gani hudumu bila kuwadhuru? Pia, nidai malipo ya maandalizi na usahihishaji yaandikwe kabla ya kusaini?