Yaliyomo ya Word yanakataa kushika vichwa vyangu

Karani wa Langoni
Assalaam aleikum wenzangu. Nina kijitabu cha kurasa 60 kuhusu nyumba za mawe za hapa Amu (Lamu). Kina sura tano, na kila sura ina vipengele vyake, yaani sehemu za nyumba: daka (baraza ya mlangoni), kiwanda (ua), msana (chumba kirefu), ndani (chumba cha ndani), zidaka (vishubaka vya ukutani). Vichwa vimekozwa wino na kukuzwa hadi pointi 16. Yaliyomo yameandikwa kwa mkono, nukta moja moja hadi kwenye nambari. Picha moja ikiongezwa, nambari zote za chini yake zinakosea. Nikiiamuru Word itengeneze yenyewe, inajibu "No table of contents entries found". Tena dibaji inatakiwa iwe na nambari za kirumi. Nielekezeni tafadhali, kazi inakwenda kwa mchapaji.

Mwalimu Shela
Waaleikum salaam. Word haiangalii ukubwa wa herufi wala wino. Inaangalia mtindo (Style) uliovishwa aya, na vichwa vyako vyote bado vimevaa "Normal", sawa na maelezo yaliyo chini yake.

Weka kishale popote ndani ya kichwa cha sura, ubonyeze Ctrl+Alt+1. Hapo kimekuwa Heading 1. Daka, msana na wenzao wape Ctrl+Alt+2. Rangi na fonti zikikuchukiza, usitengeneze kichwa kimoja kimoja: kipambe kimoja utakavyo, kiteue, kisha kwenye Home bofya kitufe cha kulia cha mausi juu ya jina "Heading 1" na uchague "Update Heading 1 to Match Selection". Sura zote tano zitafuata.

Futa orodha ya mkono. Nenda References, Table of Contents, chagua "Automatic Table 1". Iepuke "Manual Table" iliyo karibu yake, kwani hiyo ni maandishi ya kujazia tu, haisomi kichwa chochote. Kwa kawaida orodha huchukua ngazi tatu. Kwa kurasa 60 mbili zinatosha, nazo hupunguzwa kwenye Custom Table of Contents, sehemu ya "Show levels".

Kila ukibadilisha kitu, bofya ndani ya orodha, bonyeza F9, chagua "Update entire table". Ukichagua nambari peke yake, jina jipya la kichwa halitaingia. Na nukta usizirekebishe ndani ya orodha yenyewe, kwa kuwa F9 ya pili itafuta kazi yako. Mwonekano wa orodha hukaa kwenye mitindo ya TOC 1 na TOC 2, urekebishe huko.

Karani wa Langoni
Shukrani mwalimu, vichwa vimeingia. Lakini penye "Zidaka" imeingia aya nzima, na penye "Daka" imeingia picha!

Mwalimu Shela
Penye Zidaka ulishuka mstari kwa Shift+Enter, kwa hiyo kichwa na maelezo bado ni aya moja. Futa mkato huo, bonyeza Enter, kisha maelezo uyarudishe kwa Ctrl+Shift+N. Picha nayo imekaa ndani ya aya ya kichwa. Ihamishie aya yake yenyewe, iliyovaa Normal, halafu F9.

Bi Mkomani
Nambari za kirumi: weka kishale kabla ya herufi ya kwanza ya Sura ya Kwanza, nenda Layout, Breaks, "Next Page" iliyo chini ya Section Breaks. Ctrl+Enter haifai hapa, inakata ukurasa bila kukata sehemu. Weka nambari chini ya ukurasa, kisha fungua Format Page Numbers: ukiwa kwenye dibaji chagua i, ii, iii, ukiwa kwenye sura chagua 1, 2, 3 na "Start at" 1. Wengi hushikilia kwamba lazima kwanza uzime "Link to Previous", kitufe kinachoiunganisha sehemu na iliyoitangulia. Kwa umbo la nambari si lazima, kila sehemu ina lake. Kizime tu ikiwa maandishi ya chini ya ukurasa yatatofautiana. Dibaji nayo ipe Heading 1, itaorodheshwa kwa nambari yake ya kirumi.

Fundi wa Saiba
Wanaotumia LibreOffice Writer, programu nyingine ya kuandikia: vichwa ni Ctrl+1 na Ctrl+2, na orodha iko Insert, Table of Contents and Index. Huko F9 haigusi orodha. Bofya kulia juu yake, "Update Index".

Bwana Karani, mchapaji mpelekee PDF, si faili ya Word. Kompyuta yake ikikosa fonti yako, mistari itahama na kurasa zitahama nayo. Kabla ya kuhifadhi, bonyeza Ctrl+A kisha F9, na usome orodha yote. Ukiona "Error! Bookmark not defined.", kuna kichwa kilichofutwa ambacho orodha bado inakitafuta, chagua "Update entire table". Kwenye Options za kuhifadhi PDF, tia alama "Create bookmarks using: Headings", ili msomaji wa simu apate vichwa pembeni na kuruka moja kwa moja hadi kwenye msana au zidaka.