Pakeji ya sf inagoma kuingia kwenye R, Ubuntu 22.04

Kasulu_Takwimu
Habari zenu wakuu. Nashughulika na takwimu za chanjo hapa Kigoma, na natakiwa kuchora ramani ya kata zetu pamoja na zahanati kabla ya Ijumaa. Kwenye R (programu ya takwimu) nimeandika install.packages("sf") ili nipate sf, pakeji yake ya ramani, maandishi yakatiririka karibu nusu saa, mwishoni ikaja hii:

ERROR: dependency 'units' is not available for package 'sf'

Nimeifuta R na kuiweka upya mara 2, iko vilevile. Bando la GB 2 limekata. Kinachoniuma zaidi, mwenzangu wa meza ya pili anatumia Windows, kaandika hivyohivyo, dakika 1 ikaingia. Nakosea wapi?

juma_r
Ongeza dependencies = TRUE mkuu.

Kasulu_Takwimu
Nilishaiweka. Ilivuta pakeji nyingi zaidi, ikafia palepale.

BiMtakwimu
Pole mdogo wangu. Usiifute R tena, haina kosa. Na hiyo dependencies = TRUE iondoe, inavuta hadi pakeji ambazo sf inazipendekeza tu; bando lako limeliwa huko.

CRAN (ghala la mtandaoni la pakeji za R) inawapa watu wa Windows na Mac unga, yaani pakeji iliyo tayari kutumika. Sisi wa Ubuntu tunapewa mahindi, yaani msimbo mbichi, tusage wenyewe, na mashine ya kusagia iwe imeshafungwa kwenye kompyuta. Mashine za sf ni maktaba za ramani GDAL, GEOS na PROJ, na units (pakeji ya vipimo ambayo sf inaitegemea) nayo inataka udunits. Hizo si pakeji za R, kwa hiyo R haiwezi kukuletea hata uiagize mara mia.

Mstari uliobandika ni kilio cha mwisho tu. Msiba wenyewe uko juu. Panda hadi pale units ilipoangukia, utakuta imekutajia jina la kinachokosekana: libudunits2-dev. Nilipoanza R nilikaa wiki nzima nikisoma mstari wa chini peke yake, ndiyo maana nasisitiza hili kila anapokuja mtu na swali kama lako.

Ijumaa iko karibu, kwa hiyo toka kwenye R, fungua terminali (dirisha la kuandikia amri za Ubuntu):

sudo apt update
sudo apt install r-cran-sf

Hiyo imeshasagwa na inakuja na mashine zake. Si toleo jipya kabisa, ila kwa ramani ya kata inatosha sana. Siku ukilitaka jipya, anza na

sudo apt install libudunits2-dev libgdal-dev libgeos-dev libproj-dev

ndipo urudi kwenye install.packages. Ikigoma tena, panda juu tena ukasome.

mvuvi_data
Nyongeza kwa wenye mtandao wa kusuasua: R ikishavuta faili moja kwa sekunde 60 bila kulimaliza, inakata. Tangulia kuandika options(timeout = 600).

Kasulu_Takwimu
Dada, imeingia! library(sf) imejibu:

Linking to GEOS 3.10.2, GDAL 3.4.1, PROJ 8.2.1

Nimerudi pia kwenye maandishi ya jana. libudunits2-dev ipo, imeandikwa wazi kabisa, mbali sana juu ya pale nilipokuwa nasoma. Ahsante mno. Kata zimeshachorwa, usiku huu naweka zahanati.