Tupeane uzoefu: ulijifunzaje kupumua vizuri kwenye yoga?

Mtoa mada (Dar)
Wakuu, habari za jioni. Nyuzi nyingi za yoga zinahusu mikao: nani kafika vidoleni, nani kasimama kwa kichwa. Huu naomba uwe wa pumzi tu, maana naona ndipo watu wanapokwama, wanaacha mazoezi wakidhani miili yao ni migumu.

Msimamo wangu nautoa mapema: shida inaanzia kwenye kutoa pumzi, si kwenye kuvuta. Darasani ikisemwa "vuta pumzi ndefu", mabega yote chumbani yanapanda. Kifua kinajaa juu, shingo inakaza, na hewa ya mwanzo haijatoka. Chini ya mapafu kuna msuli mpana unaoitwa kiwambo. Ukivuta hewa, kiwambo kinakaza na kushuka, mapafu yanapata nafasi, na vilivyomo tumboni vinasukumwa mbele. Ndiyo maana tumbo hutokeza. Ukitoa hewa, kinalegea na kupanda. Sasa ukitoa nusu, kiwambo kimebaki chini. Kitashuka wapi tena? Hapo ndipo shingo na mabega yanabebeshwa kazi isiyo yao.

Mwalimu wangu wa sasa hatuanzishi na kuvuta kabisa. Tunatoa kwa pua, taratibu, mpaka tumbo lirudi ndani. Tunatulia kidogo. Halafu hewa tunaiacha iingie yenyewe. Usingizi wangu umebadilika tangu nianze hivyo, na ndicho kilichonisukuma kufungua uzi.

Tiririkeni: nani alikufundisha, nini kilikufungulia, wapi bado pagumu?

Mdau wa Tanga
Assalaam aleikum. Nafundisha madrasa, na kabla ya yoga pumzi nilikuwa naijua kwa njia ya kusoma Qur'ani. Aya ikiwa ndefu huwezi kukata popote. Kuna mahali pa kusimama, na kuna mahali ukisimama maana inaharibika. Kwa hiyo mwanafunzi tunamzoeza avute hewa kwa utulivu, bila kuinua mabega, kisha aitoe kwa kuipimia.

Binti yangu aliponiingiza kwenye mazoezi haya kwa ajili ya kiuno, nilikuta jambo ni lilelile, ila sasa nimeinama mikono chini na makalio juu, na pumzi niliyokuwa nikijivunia inakatika. Lililonisaidia ni zoezi la bhramari. Unafunga mdomo na kuvuma "mmm" muda wote wa kutoa pumzi. Sauti ikianza kwa nguvu kisha ikafa, ujue pumzi umeisukuma. Ikitoka sawasawa mwanzo hadi mwisho, umeiachia. Mtu hawezi kujidanganya hapo, maana anajisikia mwenyewe. Nawashauri sana wanaofanya nyumbani bila mwalimu waanze na hilo.

Mdau wa Morogoro
Shehe, samahani kwa swali. Yoga si ibada ya Wahindu?

Mdau wa Tanga
Nimelifikiria sana hilo, mwanangu. Sisomi maneno ya ibada yoyote pale. Nanyoosha kiuno na napumua. Ambaye nafsi yake haikuridhika asifanye, na namheshimu.

Mtoa mada
Ahsante shehe. Ni kweli asili yake ni India na huko imefungamana na dini. Hatha Yoga Pradipika, kitabu cha karne ya 15, kina sura nzima ya pumzi. Kila mmoja apime na imani yake. Tuendelee.

Mdau wa Nairobi
Mimi nilianzia Africa Yoga Project, yale madarasa ya Jumamosi ya bure kule Parklands. Chumba kilikuwa kinajaa mpaka mikeka inagusana. Mwendo ulikuwa wa kasi, jasho tele, na kilichotushikilia ni pumzi ya ujjayi. Kwa asiyeijua: fungua mdomo, pumulia kiganja chako kama unakitia ukungu, sikia koo linavyobana kidogo. Kisha funga mdomo uendelee vivyo hivyo kwa pua. Inatoka sauti ya chini, na chumba kizima kikiitoa pamoja hata mgeni anashika mwendo bila kuambiwa.

Faida yake kubwa kwangu ni kwamba inakupa habari. Nikiwa kwenye mkao na ile sauti ikakatika, nimejilazimisha kupita uwezo wangu, hata kama kwa macho naonekana vizuri. Narudi nyuma kidogo mpaka isikike tena. Kwa ushauri wangu, koo libane kidogo tu. Kuna watu wanakoroma kabisa darasani, na hiyo inachosha bure.

Mama wa Mombasa
Wanangu, mimi nitasema ya kina mama. Baada ya kujifungua nilifungwa tumbo kwa kanga, kama desturi yetu, na baadaye nikaendelea kuliingiza tumbo ndani mwenyewe ili nguo ikae vizuri. Miaka ikapita tumbo limekazwa usiku na mchana. Nilipoambiwa "acha tumbo litoke" niliona haya, wallahi, mbele ya wasichana wembamba vile.

Mwalimu, msichana mpole sana, akanilaza chali, magoti juu, akaniwekea tumboni mfuko wa mchele wa kilo moja. Akasema, "Mama, usifanye kitu. Utazame tu mchele." Mwanzoni haukusogea. Nikatoa pumzi kwa kinywa, haaa, nikarudia, mpaka mwili ukalegea, na mfuko ukaanza kupanda na kushuka wenyewe. Nililia. Sikuwa na huzuni yoyote, machozi yalikuja tu.

Baadaye akanionyesha kupumulia mgongoni: unapiga magoti, unakalia visigino, unalaza kifua juu ya mapaja na paji la uso chini. Tumbo limezuiwa, kwa hiyo mbavu za nyuma ndizo zinazofunguka. Na wenye mimba jamani, yale ya kupiga pumzi harakaharaka kwa tumbo na ya kuizuia msifanye.

Mdau wa Mwanza
Nina pumu tangu utotoni. Kupumua kwa pua kumenisaidia, kwa sababu pua inachuja vumbi, inapasha hewa joto na kuitia unyevu kabla haijafika kifuani. Kutoa polepole pia, maana kifua changu kikibana hewa hukataa kutoka zaidi kuliko kuingia. Lakini pampu yangu inakaa pembeni ya mkeka siku zote, na dawa za daktari sijaacha hata moja. Yoga haikuponya pumu yangu. Imenipunguzia hofu, na hofu ndiyo ilikuwa ikinimaliza.

Kapalabhati, ile ya kupiga pumzi harakaharaka kwa tumbo, ilinishinda. Kichwa kinakuwa chepesi, vidole vinachonyota. Wenzangu wanasema ni nguvu inaingia mwilini.

Mtoa mada
Mkuu, hilo nalipinga kwa moyo wote, maana watu wanaumia kwa maneno hayo. Ukipumua kwa kasi kuliko mwili unavyohitaji, unatoa kabonidayoksaidi nyingi mno. Mishipa ya damu inayokwenda kwenye ubongo inabana, kichwa kinazunguka, vidole vinachonyota. Ni ishara ya kuacha na kurudi kwenye pumzi ya kawaida. Wenye presha ya juu na ugonjwa wa moyo wakae mbali na zoezi hilo, na wasizuie pumzi bila kuongea na daktari.

Ukitaka utulivu, refusha kutoa. Moyo wenyewe hupunguza mwendo unapotoa pumzi na kuongeza unapovuta. Shika mapigo ya mkononi utayasikia. Vuta kwa hesabu ya nne, toa kwa sita. Sita ikikubana, toa kwa tano.

Mdau wa Muscat
Nafuata video peke yangu. Nachanganyikiwa wakati gani nivute na wakati gani nitoe.

Mdau wa Nairobi
Angalia kifua, ndugu yangu. Ukiinua mikono au kujipinda nyuma, kifua kinafunguka: vuta. Ukiinama au kujizungusha kiuno, nafasi inapungua: toa. Na anza kutoa kabla mwili haujasogea, kisha uinamie pumzi hiyo. Video ikikukimbiza izime sauti, fuata mwendo wako.