Tupeane uzoefu: kura ya mbunge jimboni kwenu kijijini ilikuwaje?

Naanza mimi. Kwetu Tandahimba, mkoani Mtwara, uchaguzi unaangukia Oktoba na Oktoba ndo msimu wa korosho, watu wanatoka shamba moja kwa moja wanaenda foleni. 2015 ilikuwa Jumapili, bibi aliamka alfajiri akaokota kwanza, saa moja yupo kituoni na kanga yake ina vumbi mpaka magotini. Mwaka ule jimbo likaenda upinzani, Katani wa CUF akachukua, na kwa ninavyoona mimi kilichoamua ni korosho tu, maana salfa, dawa ya mikorosho, ilikuwa inachelewa, malipo hivyohivyo, mwenye mgonjwa nyumbani anauza kangomba, yaani kwa walanguzi kinyemela, kwa bei ya kutupa sasa atafanyaje. 2020 Katani yuleyule akarudi bungeni kwa tiketi ya CCM, chama tawala. Kijijini ubishi haukuisha, mjomba na jirani yake hawakusalimiana mpaka masika. Nyie je?

Mdau wa Newala:
Babu yangu kura yake ya kwanza 1965, chama kimoja lakini wagombea ubunge wawili, mmoja alama yake jembe mwingine nyumba. Hajui kusoma, ile picha ndo ilimsaidia. Alama zile zikaenda mpaka 1990, ndo maana 1995 vyama vingi vilipoingia aliigeuza karatasi akiulizia jembe liko wapi.

Mdau wa Ruangwa:
Mimi kura yangu ya kwanza 2020, nimetoka kutimiza 18. Mbunge wetu wa wakati ule, Kassim Majaliwa, alipita bila kupingwa kwa hiyo karatasi ya ubunge haikuwepo kabisa. Sina ugomvi na mtu, ila niliisubiri ile siku jamani, nilitamani niweke tiki yangu.

Mdau wa Tandahimba (mama):
Wanangu, mi habari yangu ni maji. Huku uwandani tuko juu, maji yako mabondeni, kiangazi ndoo tunanunua. Kampeni za 2010 nilisimama mkutanoni na ndoo tupu nikamuuliza mgombea mmoja maji lini, akasema miezi sita, watu wakapiga makofi na mimi nikapiga. Kiangazi kilichofuata nilinunua maji kama kawaida.

Mleta mada:
Pole sana mama, shikamoo. Kwetu hata bibi akiulizwa anataka nini anaanza na maji. Wa Masasi, Nanyumbu, Liwale mpo? Leteni za kwenu.