Mwanafunzi Mkenya yuko Marekani, kashitakiwa kashfa Nairobi: analindwa au halindwi?

Kipanga: Wadau, jamaa yuko Minnesota kwa viza ya masomo. Kamwandika mheshimiwa, kashitakiwa Nairobi kwa kumchafulia jina, hakwenda, hukumu imetoka. Ana mali Kenya na kiwanja Dar. Inamfuata huko? Nasikia SPEECH Act, sheria ya Marekani ya kuzuia hukumu za kashfa za nje, ni ya raia tu, ile ya Bush.

Njiwa Manga: Obama ndiye aliyeisaini, Agosti 2010. Na si ya raia tu: wamo wenye grini kadi na mgeni anayeishi kihalali wakati wa kutafiti, kuandaa au kusambaza. Hapo kwenye "anayeishi" ndipo wakili wa mheshimiwa atabishia viza ya masomo. Lakini kifungu 4102 cha sheria hiyo, cha kukataa hukumu ya nje, hakiulizi uraia: mdai ndiye athibitishe kwamba sheria ya Kenya inalinda maneno kama katiba ya Marekani, au kwamba hata kwa kipimo cha huko angeshinda. Uraia au ukaazi unatakiwa kifungu 4104, ukitaka kutangulia mahakamani kuomba tamko kwamba hukumu haitekelezeki huko.

Kanga Moja: Ndiyo maana diaspora mna midomo! Mnatukana mkiwa mbali.

Kipanga: Midomo? Karo za wadogo zenu zinatoka wapi?

Kanga Moja: Karo haikupi leseni ya kumchafua mtu.

Mzee Kobe: Hata mwandishi Rachel Ehrenfeld hakutukana, aliandika kitabu New York, nakala 23 zikauzwa Uingereza, tajiri wa Saudia bin Mahfouz akamshitaki kwa kashfa na kumshinda London bila yeye kuhudhuria. Ndicho kilichozaa sheria hii.

Kanga Moja: Huyo alikuwa na utafiti. Huyu ana bando tu.

Njiwa Manga: Mnapigania bando, hukumu iko Nairobi! Mali yake ya Kenya inakamatwa bila kuuliza Minnesota. Kwanza aangalie wito wa mahakama: kuupeleka nje kunataka ruhusa ya mahakama. Kama haukufika ipasavyo, aombe hukumu itenguliwe. Pia kashfa ina miezi 12 tu ya kufungua kesi. Akinyamaza, dalali wa mahakama anakuja.

Mzee Kobe: Na asidhani kiwanja cha Dar kiko salama. Huku kwetu Kenya, hukumu ya Tanzania inasajiliwa ndani ya miaka 6. Kama wao wanasajili ya Kenya, hiyo siisemei.

Kanga Moja: Kiwanja chenyewe kina jina la nani?

Kipanga: La kwake. Anataka kumwandikisha mama.

Njiwa Manga: Mwambie asithubutu! Kuhamisha baada ya kesi kunaonekana hila ya kumkwepa mdai, na mahakama inaweza kuutengua uhamisho huo.