Naomba ushauri: nasomea uandishi wa habari Kampala, nataka kuripoti siasa lakini mwanzo umenitia shaka

BintiWaKoboko

Habari zenu ndugu zangu. Niko mwaka wa tatu, uandishi wa habari, hapa Kampala. Nimezaliwa Koboko, baba alikuwa askari na tumekulia kambini, ndiyo maana Kiswahili ndicho tunachoongea nyumbani. Tangu sekondari nataka kuandika siasa za nchi hii. Sasa nimezionja kidogo, na nimebaki na maswali ambayo darasani sijapata wa kuyajibu.

Wakati wa kampeni za uchaguzi wa 15 Januari 2026 nilikuwa kwenye mafunzo kwa vitendo katika redio moja. Wiki ya pili nikatumwa pamoja na mwandishi mwenyeji kwenye mkutano wa mgombea ubunge, upande wa Bombo. Tulimsubiri juani saa nne nzima, hotuba ikaisha kwa robo saa. Tukiwa tunakunja nyaya, mpambe wake akapita na bahasha, kila mwandishi na yake. Ndani shilingi 30,000. "Nauli hiyo," akasema. Nikamrudishia. Mwenzangu hakunisemesha njia nzima. Tulipofika Wandegeya ndipo akafungua mdomo: "Usije tena na tabia hiyo, unatuharibia."

Habari iliyokwenda hewani ilikuwa ya sekunde 40, kwamba umati mkubwa umemlaki mgombea. Umati huo niliuona ukishushwa kwenye malori mawili na ukapandishwa tena kwenye malori yale yale.

Lakini kinachoniuma hasa ni bibi mmoja wa Kinubi aliyekuwa amekaa chini ya mwembe nyuma ya jukwaa. Aliponisikia naongea Kiswahili akanishika mkono, akanipeleka kwenye kisima cha pampu, hatua kama mia mbili kutoka pale. Pampu haina mpini. Pembeni pana kibao cha mradi, rangi yake bado inang'aa, kinasema kisima kimekarabatiwa na mwaka wa fedha umeandikwa. Nikapiga picha. Mhariri akasema hiyo si siasa, ni habari ya jamii, tutaiangalia baadaye. Mpaka namaliza mafunzo hakuna aliyeiangalia.

Nirudi kwenye redio ile muhula ujao au nihangaike kuingia Bungeni? Bahasha mnaikataaje bila kugombana na wenzenu? Na mama anataka nihamie uhusiano wa umma. Kila akiona kwenye simu mwandishi amepigwa, siku hiyo hali chakula. Nimwambie nini?

Meza_ya_Siasa

Binti, nimeripoti Bunge miaka kumi na moja. Mkutano wa kampeni ni shule mbaya kwa anayeanza, kwa sababu kila kitu pale kimepangwa ili ukione wewe. Nenda kwenye kamati. Watu wanakimbilia kikao cha saa nane mchana kwa sababu ya televisheni, lakini asubuhi, vyumba vya kamati ndiko katibu mkuu wa wizara anakoulizwa fedha zilikwenda wapi. Anza na Kamati ya Hesabu za Serikali, ile inayoongozwa na mbunge wa upinzani. Kila mwisho wa Desemba Mkaguzi Mkuu wa Hesabu anapeleka ripoti yake Bungeni. Chagua wizara moja, soma kurasa zake kabla ya kwenda, uwe na kalamu ya rangi na kikokotoo. Ukiingia hujasoma, utaandika kelele tu.

Halafu angalia mahali pa kukaa. Usikae karibu na wabunge. Kaa nyuma ya maofisa wa wizara. Swali likiwa gumu utaona kikaratasi kinapita mkono kwa mkono mpaka kwa afisa mmoja kijana wa safu ya mwisho, anaandika kitu, kinarudi mbele, na bosi anakisoma kana kwamba ni maneno yake. Kikao kikiisha usimfuate bosi. Mfuate yule kijana.

Kibali cha kudumu huombwa na chombo cha habari. Kwa mwanafunzi, idara yenu iandike barua kwa Karani wa Bunge, itaje tarehe na kamati unayotaka kuhudhuria.

Kalamu_Mkoani

Mzee hapo juu kasema vizuri, ila asimfanye binti aamini Bunge ni mlango wa wazi. Oktoba 2025 waandishi wa Daily Monitor na NTV walizuiwa kuingia pale kuripoti. Ukijenga kazi yako yote juu ya kitambulisho cha mlangoni, siku kikichukuliwa umebaki mikono mitupu.

Kuhusu bahasha nitasema ukweli hata kama hautapendwa. Sisi wa mikoani tunalipwa kwa habari moja moja, na mara nyingi malipo hayarudishi hata pesa ya boda ya kwenda na kurudi. Huyo mwenzako usimchukie. Pengine ana ada ya watoto watatu na anajua redio haitamlipa nauli ile. Bahasha ni mbaya, nakubali, lakini aliyeileta ni mwenye redio anayemtuma mtu kazini bila shilingi mfukoni.

Meza_ya_Siasa

@Kalamu_Mkoani, mwenye redio ana kosa, hilo sikupingi. Lakini bibi wa kisima hakuwa na bahasha ya kutoa, na habari yake haikutoka. Hapo ndipo ninaposhindwa kukubaliana nawe.

Binti, kabla hujatoka ofisini uliza mbele ya mhariri: nauli yangu nani analipa? Ikilipwa, sentensi yako kwa mpambe ni fupi: "Asante, ofisi imenilipia." Isipolipwa, omba kazi ya karibu unayoweza kwenda kwa miguu. Ukikataa bahasha kataa kwa upole na kwa faragha. Wenzako wasione unawahubiria.

Nyota_ya_Mbale

Mimi nina wazo tofauti na la mzee. Hiyo habari ya kisima NDIYO siasa, na mhariri wako kaikosa. Tafuta mambo ya ruzuku za shule za msingi nchini kwetu. Uchunguzi uliofanywa kwa miaka ya 1991 hadi 1995 ulionyesha kwamba kwa wastani asilimia 13 tu ya ruzuku ndiyo iliyofika shuleni. Baadaye serikali ikaanza kuchapisha magazetini kiasi kinachotumwa kwa kila wilaya, na shule zikatakiwa kubandika ubaoni kiasi zilichopokea. Kufikia 2001 zaidi ya asilimia 80 ilikuwa inafika. Wachumi wanabishana sifa ngapi ziende kwa magazeti, lakini mwalimu mkuu aliyesoma takwimu zile alikuwa na kitu cha kumshika nacho mkuu wa wilaya.

Kibao chako kina mwaka wa fedha. Maana yake kuna bajeti, kuna mkandarasi, kuna hati ya malipo. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2005 inampa kila raia haki ya kuomba nyaraka hizo, na ofisi inatakiwa kukujibu ndani ya siku 21. Huhitaji kitambulisho cha mwandishi. Uraia wako unatosha.

Mzazi_wa_Arua

Mwanangu, mama yako usimfiche. Wangu wa kiume alinidanganya yuko maktaba, kumbe yuko kwenye msafara. Nilijua kwa jirani. Hofu ya kudanganywa iliniumiza kuliko hofu ya msafara wenyewe. Mwambie unakwenda wapi, na nani, na saa ngapi utapiga simu. Halafu upige kweli.

KameraBegani

Nilikuwa Kawempe kwenye uchaguzi mdogo wa Machi 2025. Waandishi kadhaa walipigwa siku ile na kunyang'anywa vifaa, kwa hiyo mama yako haoni ndoto. Bado naifanya kazi hii na naipenda. Nikushauri machache tu.

Usiende peke yako. Ukifika, kabla hujawasha chochote, tafuta njia mbili za kutokea. Vaa viatu vya kufunga. Picha muhimu zitume mara moja, usingoje jioni. Na namba za simu ziandike kwenye karatasi, iwe ya mhariri, ya nyumbani, na ya mwanasheria wa HRNJ-Uganda wanaosaidia waandishi. Intaneti ilipozimwa 13 Januari, siku mbili kabla ya kura, wenzangu wenye namba kwenye programu za simu tu walihangaika sana.

Siku ya kura, kama uko mwanafunzi, kaa kituo kimoja mpaka mwisho. Kura zinahesabiwa palepale mbele ya watu, zinaandikwa kwenye fomu ya matokeo. Nakili kila namba kwenye daftari. Wanaozunguka vituo kumi wanaona mistari tu.

BintiWaKoboko

Nimesoma yote, mengine mara mbili. Asanteni sana.

Mama nimempigia jana usiku. Nilimsimulia habari ya bibi na pampu. Alinyamaza kidogo, akauliza, "Sasa maji wanachota wapi?" Nikagundua sikuuliza. Nikampigia mjukuu wa bibi, nilikuwa na namba yake. Wanachota kwenye kidimbwi upande wa pili wa barabara, pamoja na ng'ombe.

Redio ile sirudi. Mhadhiri wangu amekubali kuniandikia barua ya kamati, na wenzangu wawili wa darasa wamesema tugawane ripoti ya Mkaguzi Mkuu. Mimi nimechukua Wizara ya Maji.

Jumatatu naenda wilayani na ombi langu la nyaraka. Nimechapisha nakala mbili, moja niwaachie, nyingine wagonge muhuri wa tarehe nirudi nayo. @Nyota_ya_Mbale, hizo siku 21 zinahesabiwa tangu siku ya muhuri, sivyo?

Nyota_ya_Mbale

Tangu wanapolipokea, ndiyo maana muhuri ni muhimu. Wakikataa kugonga, andika jina la aliyepokea, saa, na chumba.