Waklingoni wa 1967, wa 1979 na wa 2017: tuelezwe, tunyamaziwe, au warudishiwe sura ya zamani?

Mjomba_Makorora (Tanga)

Wakuu, habari za jioni. Mpwa wangu wa miaka 14 yuko likizo kwangu, nami nimeamua kumwonyesha Star Trek, ile tamthilia ya safari za anga za mbali, tangu mwanzo wake, ile ya 1966 yenye mashati ya rangi kali na vitufe vinavyomemeta kama taa za harusini. Kaipenda. Tulikwenda vizuri mpaka juzi nilipomwekea filamu ya 1979. Dakika za mwanzo tu wanatokea Waklingoni, wale wapiganaji wa sayari nyingine, na vichwa vyao vina matuta ya mfupa kama shamba la viazi vitamu. Mtoto akaniomba nisimamishe. Akainuka, akaweka kidole kwenye kioo cha TV: "Mjomba, hawa ni akina nani?" Nikamwambia ni Waklingoni. "Wale wale?" Wale wale. "Wamefanywa nini?"

Sikuwa na jibu fupi, ndiyo maana nimeuleta mjadala huu hapa. Waliotengeneza hadithi hii kwa karibu miaka sitini wametumia njia tatu sura inapobadilika. Naomba tuzipime.

Kunyamaza ndiyo ya kwanza. Waklingoni walipotokea mara ya kwanza mwaka 1967 pesa za televisheni zilikuwa kidogo: mtu anapakwa rangi, anabandikwa ndevu na nyusi, kazi imekwisha. Filamu ya 1979 ilikuwa na fungu nono, wakaundwa upya kuanzia kichwani, na hakuna mhusika aliyesema neno. Mfano ninaoupenda mno ni wa 1994, ndani ya Deep Space Nine, tamthilia nyingine ya Star Trek. Kor, Koloth na Kang, Waklingoni watatu wa miaka ya sitini, wanarudi wakiwa wazee, na wanaigizwa na watu wale wale: John Colicos, William Campbell na Michael Ansara. Safari hii wana matuta. Hawajielezi. Wanazungumzia kiapo chao na watoto wao waliouawa, na mimi kwa muda wote ule sikukumbuka paji la uso la mtu yeyote.

Kueleza ndiyo ya pili. Mwaka 2005 tamthilia ya Enterprise, inayosimulia mambo ya zaidi ya miaka mia kabla ya Kirk, nahodha wa ile ya 1966, ilitumia sehemu mbili nzima kwa swali hili. Waklingoni walijaribu kujipandikizia vinasaba vya binadamu walioboreshwa maabara, vikageuka ugonjwa wa kuambukiza, na tiba ya daktari Phlox ikawaokoa roho ikawaacha bila matuta.

Ya tatu ni kurudi. Mwaka 1996, mfululizo ulipotimiza miaka 30, Sisko na wenzake wa Deep Space Nine waliingizwa ndani ya picha za sehemu ya mwaka 1967, ile ya vijinyama vya manyoya vinavyozaana bila kikomo. Seti za zamani zikajengwa upya. Hakuna aliyesema vitufe vile vimepitwa na wakati.

Mimi nasimama na kunyamaza. Katika sehemu hiyo hiyo ya 1996 wenzake wanamuuliza Worf, Mklingoni aliye upande wao, kulikoni hawa Waklingoni wana mapaji laini. Wanabahatisha: vinasaba? kirusi? Anawajibu kwamba jambo hilo Waklingoni hawalizungumzi mbele ya watu wa nje. Basi. Ndivyo mtu mzima anavyofunga mlango wa chumba cha ndani mgeni anapochungulia. Hajakana, hajadanganya, na heshima ya nyumba imebaki.

Fundi_Kalafati (Deep Sea, Tanga)

Mjomba, umeandika vizuri, lakini umechagua mfano mwepesi. Waklingoni ni watu, na watu unaweza kusema wana siri zao. Sasa niambie kuhusu chombo.

Enterprise ya kwanza, chombo cha Kirk, aliichora Matt Jefferies. Modeli kubwa waliyoipigia picha ina urefu wa mita 3.4 hivi, na leo ipo kwenye jumba la makumbusho ya anga la Smithsonian kule Washington. Filamu ya 1979 ilikileta chombo hicho hicho na sura mpya, ila ikatuambia wazi kwamba kimekaa miezi 18 kikifanyiwa ukarabati. Hapo sina neno. Mimi ni fundi wa mashua, nalijua jambo hilo kwa mikono yangu. Mwezi uliopita tumeipandisha mashua ya mzee mmoja mchangani. Tumebandua mbao kumi na moja upande wa kushoto, mataruma manne yalikuwa yameoza tumeyabadilisha, tumekalafati upya kwa pamba, rangi imetoka buluu imekuwa kijani. Iliposhushwa majini wavuvi wote waliita jina lake lile lile. Kwa nini? Mkuku ni ule ule, na watu waliiona ikipandishwa na waliiona ikishushwa. Hakuna siku iliyorukwa.

Sasa njoo 2018. Mwisho wa msimu wa kwanza wa Discovery, tamthilia iliyoanza 2017, inatokea Enterprise ya nahodha Pike, kabla ya Kirk kuichukua. Na inaonekana mpya kuliko ile ya 1966 ambayo kwa hadithi inakuja baadaye! Nyumba ya usukani ina vioo na mianga ambayo Kirk hana. Hapa hakuna ukarabati wa kuusingizia. Chombo kinakwenda mbele kwa miaka na kinarudi nyuma kwa sura. Kunyamaza hapo siyo heshima tena, ni kumtaka mtazamaji ajisahaulishe alichokiona.

Binti_Raskazone

Kaka Fundi, nakuheshimu, ila hapo hawakunyamaza. Mwaka 2019, msimu wa pili wa Discovery, kuna sehemu inayofungua kwa vipande vya picha za zamani kabisa, zile zilizopigwa kabla hata tamthilia haijakubaliwa, Pike akiwa Jeffrey Hunter. Zinapita zile picha na rangi zake za wakati ule, halafu uso wa Hunter unapisha uso wa Anson Mount, Pike mpya. Hakuna maelezo, hakuna aibu. Wamekuwekea cha zamani na kipya mezani ukawaona pamoja, wakakwambia: ni mtu mmoja, ni chombo kimoja.

Nilipoiona mara ya kwanza nilishika mdomo. Siyo kila mtu atakubali, lakini kwangu ule ni uaminifu mkubwa kuliko kirusi cha 2005. Kirusi kinajibu swali la ngozi. Ule ukataji wa picha unasema macho yetu ndiyo yaliyobadilika, maana mwaka 1964 walichora kesho kwa vitu walivyokuwa navyo, na sisi tuna simu mfukoni zinazofanya kazi kuliko mashine zote za chumba kile.

Na kirusi kina deni lake. Ukishaeleza, umewafunga watakaokuja. Kama Waklingoni walipoteza matuta karne moja kabla ya Kirk, wale wa Discovery ya 2017, ambao ni miaka kumi hivi kabla ya Kirk, wangetakiwa wawemo wenye mapaji laini. Badala yake wakatuletea mafuvu marefu yasiyo na unywele. Jibu la 2005 limezaa swali la 2017.

Mjomba_Makorora

Hilo la deni nalikubali kwa mikono miwili, na ndilo linalonikalisha upande wa kunyamaza. Hata hivyo tusiwasahau waliolalamika. Msimu wa pili wale Waklingoni wakaota nywele, na ilipofika 2023, katika Strange New Worlds, tamthilia ya Pike na Enterprise yake, wamerudi kwenye sura tuliyoizoea ya enzi za Worf. Kwa hiyo hata wenyewe waliona wamevuka mpaka. Swali langu kwako, dada Raskazone: mpaka ule uko wapi? 1979 walibadilisha kichwa kizima tukameza. 2017 walibadilisha kichwa kizima tukatapika.

Bi_Kisutu (Ngamiani)

Wanangu, mniruhusu. Mimi nauza kanga na tamthilia hii naifuata tangu enzi za kanda za video, marehemu mume wangu alikuwa anaazima kwa rafiki yake.

Kanga mpya zinaingia dukani kila mara. Maua yanabadilika, rangi zinabadilika, juzi nimepokea moja ina picha za samaki na mteja kaikimbilia. Lakini niletee kitambaa hakina pindo kuzunguka, hakina mji katikati, hakina jina pale chini, uniambie ni kanga. Mama yeyote wa Ngamiani ataipapasa mara moja, ataikunja, atakurudishia. Hatahitaji kufikiri. Mpaka unaouliza, Mjomba, uko hapo. 1979 walibadilisha maua. Sauti ya Waklingoni, kiburi chao, namna wanavyoshikana na kucheka, vilikuja kukomaa baadaye lakini vilikuwa na pa kushika. 2017 walibadilisha maua, na pindo, na mji. Hata mavazi na vyombo vyao havikuwa na kitu cha kukushika mkono ukasema aah, ni hawa.

Ila kuna jambo linaniuma, na wote watatu mmelipita. Mnabishana juu ya vichwa vya Waklingoni, na mtu wetu mle ndani hamjamtaja. Uhura, afisa wa mawasiliano wa Enterprise. Jina lake limetoka kwenye neno letu, uhuru, herufi moja ikageuzwa. Amekuwa na nyuso tatu: Nichelle Nichols tangu 1966, Zoe Saldaña kwenye filamu ya 2009, na sasa Celia Rose Gooding. Hakuna aliyesimamisha TV kuuliza huyu ni nani. Kwa nini? Jina lipo, sikio lake la lugha lipo, na Kiswahili kipo. Mwaka 1966, kwenye sehemu ya kwanza kabisa kurushwa hewani, yule kiumbe anayekula chumvi anamwendea Uhura kwa umbo la mwanamume mweusi na kumsemesha Kiswahili. Mwaka 1967 mashine inamfuta kumbukumbu yote, anafundishwa kusoma upya kama mtoto, na anapokwama kinachomtoka ni Kiswahili, mpaka muuguzi Chapel anamwambia aseme kwa Kiingereza. Nilikuwa na mimba ya kifungua mimba wangu nilipoiona ile. Nililia. Mtu kafutwa kila kitu na hicho kimebaki.

Mwendelezo ninaoutaka mimi ni huo. Kichwa cha Mklingoni wakichonge watakavyo.

Fundi_Kalafati

Shikamoo Bi Kisutu. Nimesoma mara mbili. Nakuunga mkono kwa Uhura, lakini tofauti ni kwamba waigizaji tunawasamehe siku zote. Binadamu hufa. Bi Nichols ametutoka Julai 2022, hakuna ambaye angedai aendelee. Chombo cha mbao na rangi hakina umri huo. Wakitaka kuijenga ile ya 1966 wanaweza, wameshafanya. 1996 walifanya. 2005 walifanya, kwenye tamthilia hiyo hiyo ya Enterprise, walipojenga nyumba ya usukani ya Defiant, chombo cha aina moja na kile cha Kirk. 2023 wakaijenga tena nyumba ya usukani ya Enterprise-D, chombo cha nahodha Picard cha miaka ya themanini, kwa ajili ya tamthilia ya Picard, na wazee wa watu walipoingia mle, hata sauti ya zulia ilitosha. Kwa hiyo usiniambie haiwezekani. Waseme hawakutaka.

Bi_Kisutu

Marahaba mwanangu. Hawakutaka, ndiyo. Ile ya 2023 wazee walikaa mle sehemu mbili tu, ni ziara. Strange New Worlds watu wanaishi mle kila wiki. Nyumba ya kuzuru na nyumba ya kuishi hazipambwi sawa.

Pangani_Kwetu

Naingilia kidogo na jirani yao, Doctor Who ya Uingereza. Wale Dalek, maadui wake walio ndani ya magamba ya chuma, wapo tangu 1963. Mwaka 2010 wakaletwa wapya, wakubwa, wanene mgongoni, kila mmoja na rangi yake: mwekundu, wa buluu, wa chungwa, wa njano, mweupe. Hadithi ilieleza vizuri kabisa wametoka wapi. Mashabiki hawakuwataka, na baada ya muda mfupi wale wa shaba wa 2005 wakarudi kutawala. Kwa hiyo maelezo hayaokoi sura mbaya. Upande wa pili, mwaka 2017 walirudisha Cybermen, binadamu waliogeuzwa mashine, wale wa 1966 wenye nyuso za kitambaa, na niliogopa kuliko wote wa chuma waliokuja baadaye. Kitambaa kile, na mdomo unaofunguka bila kusogea.

Nao wana bahati ambayo Star Trek haina: tangu 1966 Daktari mwenyewe, mhusika mkuu, hubadilika uso ndani ya hadithi. Wameligeuza tatizo likawa kanuni.

Binti_Raskazone

Mjomba, uliniuliza mpaka uko wapi, na Bi Kisutu amenijibia kuliko ambavyo ningejibu. Naongeza moja tu. Kwa chombo, pindo ni lile sahani la mbele na mirija miwili ya nyuma. Zima taa, nionyeshe kivuli tu cha ile ya 2018, nitakwambia ni Enterprise. Kivuli cha meli ya Waklingoni ya 2017 nisingekitambua. Kaka Fundi, jaribu hilo kabla hujanijibu.

Fundi_Kalafati

Nimejaribu, nimezichora zote mbili kwa mkaa kwenye ubao hapa kazini. Ya Enterprise umeshinda. Mirija imepindishwa kidogo, shingo imenenepa, lakini ni yenyewe. Kwa nyumba ya usukani bado nawadai.

Mjomba_Makorora

Taarifa kutoka nyumbani. Nilimwekea mpwa ile ya 1996. Worf aliposema hawalizungumzi na watu wa nje, mtoto alicheka, akaniangalia, akasema, "Basi mjomba, tusimuulize tena." Kor wa 1994 nitamwekea kesho.

Halafu kwa maneno ya Bi Kisutu nikarudi kwenye ile ya 1967 ya Uhura kufutwa kumbukumbu. Hii tulishaiona wiki iliyopita na sikumwambia kitu. Safari hii nikasema sikiliza. Amerudisha nyuma mara tatu, sikio kwenye spika, akijaribu kukamata maneno na kuyaandika nyuma ya daftari la hesabu. Sasa hivi yuko barazani anamsomea bibi yake, na bibi anamrekebisha matamshi.